Beteri ya Motokaa Wakati wa Kipupwe: Namna ya Kununua Vifaa vya Bei Rahisi Bila Kupunjwa

Ndugu wakulima, somo la mwezi huu si la mpunga, ni la motokaa. Siku hizi katika vijiji vya skimu, kutoka Tebere mpaka Karaba, si ajabu kuona Probox au pikapu imesimama kando ya nyumba. Motokaa hiyo ndiyo inayopeleka nyanya soko la Kagio kabla ya alfajiri, na ndiyo inayokwenda Wang'uru kuchukua mbolea. Usiku wa manane ndiyo inayompeleka mama mwenye uchungu hospitali ya Kimbimbi au Kerugoya. Basi ikikataa kuwaka saa tisa za usiku, jambo hilo si la kuchekwa.

Kila mwaka, tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti, motokaa nyingi hukataa kuwaka asubuhi. Wachuuzi wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Utawaona Makutano, Sagana na Karatina wakitembeza waya za jampa, visanduku vya kuwashia injini, taa za rangi na vifuniko vya usukani. Vingi ni vya bei rahisi. Vingine ni vizuri, na vingine ni takataka iliyotiwa ndani ya boksi zuri. Tena miezi hiyo ndiyo miezi ambayo mkulima wa mpunga hana fedha: za mavuno ya Novemba na Desemba zimekwisha, na papo hapo kunatakiwa malipo ya kupandikiza na mbolea. Mtu wa namna hiyo hununua kitu cha kwanza atakachoonyeshwa.

BARIDI INAFANYA NINI?

Watu husema baridi imeua beteri. Hii ni kweli nusu tu. Ndani ya beteri ya motokaa mna risasi na maji ya asidi, na umeme hutoka kwa sababu vitu hivyo viwili vinafanya kazi pamoja. Kukiwa na baridi kazi hiyo huenda polepole. Beteri nzuri ikifikishwa katika baridi ya kugandisha maji, yaani nyuzi 0, hubakiwa na kama sehemu nne kati ya tano za nguvu zake. Lakini Mwea si Ulaya. Sisi tuko kama mita 1,150 juu ya bahari, na usiku wa Julai joto letu ni kama nyuzi 15. Nyeri ni baridi zaidi, na Nanyuki huteremka chini ya nyuzi 10. Baridi ya namna hiyo haiwezi kuua beteri nzima.

Mwuaji hasa ni joto. Miezi ya Januari mpaka Machi, jua la Mwea linapovuka nyuzi 30 na chini ya boneti kukawa kama tanuri, maji ya beteri hupungua na bamba za risasi huliwa. Beteri huzeeka bila mwenyewe kujua, maana siku za joto oili ya injini ni nyepesi na injini huzunguka kwa urahisi. Julai oili huwa nzito, injini hutaka nguvu nyingi zaidi, na beteri huwa na nguvu chache zaidi. Hapo ndipo ugonjwa wa Februari unapoonekana.

Kwa hiyo yafaa beteri ipimwe mwezi wa Mei, kabla ya kipupwe. Na ikiwa imekwisha kukaa miaka mitatu, ni heri kutenga fedha za beteri mpya pale pale mavuno yanapolipwa.

KIFAA CHA KWANZA: KIPIMO CHA UMEME

Kabla hujanunua kitu kingine chochote, nunua kipimo kidogo cha volti, kile cha nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ambacho mafundi wa redio na wa sola hutumia. Ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote vinavyotajwa katika somo hili, na ndicho kitakachokuzuia kupoteza fedha kwa vingine.

Pima asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima. Ukiona volti 12.6, beteri imejaa. Ukiona 12.2, imebaki kama nusu. Ukiona 12 kamili au chini yake, iko karibu kuisha. Kisha mwambie mwenzako aitie moto injini huku wewe ukitazama kipimo. Namba itashuka, hilo si neno. Lakini ikishuka chini ya 9.6 wakati injini inazungushwa, na beteri ilikuwa imejaa, beteri hiyo imechoka. Mwisho, injini ikiwa inanguruma, pima tena. Yapasa uone kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona bado 12 na kitu, ujue altaneta haichaji. Mtu wa namna hiyo akinunua beteri mpya, atainunua tena.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe si beteri wala altaneta, bali ni ule unga mweupe au wa kibichi unaoota juu ya vichwa vya beteri. Fungua vichwa (anza na kile cheusi), mwaga maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, sugua kwa brashi, kausha, funga kwa nguvu, kisha paka grisi. Hakuna duka litakalokuuzia dawa iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kadhalika tazama vitu ulivyoviongeza mwenyewe. Kamsa, taa za buluu na redio kubwa, vikifungwa vibaya, hunyonya umeme hata motokaa ikiwa imelala. Tufanye hesabu. Kitu kinachonyonya ampea 0.2 tu kitanyonya ampea 4.8 za saa katika siku moja, na kwa wiki moja 33.6. Beteri ya motokaa ndogo ina kama 45. Ukiwa shambani wiki nzima kwa kazi ya kupandikiza, Jumapili utaikuta imekufa.

WAYA ZA JAMPA

Hapa ndipo udanganyifu ulipo mwingi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ninyi mnajua maji. Mfereji mwembamba hauwezi kupeleka maji ya mashamba kumi, hata mlango ukifunguliwa wote. Umeme ni vivyo hivyo. Volti ni kama kimo ambacho maji huteremka kutoka, ampea ni kama wingi wa maji, na waya ndio mfereji. Injini ya petroli ya Probox huhitaji kama ampea 200 ili izunguke vizuri. Ya pikapu ya dizeli huhitaji 300 au zaidi. Waya ikiwa nyembamba, volti hupotea njiani, waya hupata moto, na injini haizunguki.

Mfano. Waya zako zina urefu wa mita 3 kila moja. Umeme hupita katika nyekundu na kurudi katika nyeusi, basi njia nzima ni mita 6. Zidisha 6 kwa ampea 200, kisha kwa 0.0175, ambayo ni namba ya shaba. Utapata 21. Sasa gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba. Unene ukiwa 6, zinapotea volti 3.5, na katika 12 zimebaki chache mno. Unene ukiwa 16, inapotea 1.3. Ukiwa 25, inapotea 0.84 tu. Kwa hiyo motokaa ndogo ya petroli isitumie waya chini ya 16, na ya dizeli itumie 35.

Mchuuzi atakuambia, "Tazama, waya yangu ni nene kama kidole!" Usitazame plastiki. Tazama ile ncha waya inapoingia ndani ya koleo. Mara nyingi utakuta plastiki nene, na katikati mna nyuzi chache kama za taa ya nyumbani. Kwaruza nyuzi kwa kisu: zikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, si shaba bali ni alumini iliyopakwa, nayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Zipime mkononi, shaba ni nzito. Bana koleo: likiwa legevu, au waya ikiwa imefungwa kwa jino moja tu, liache.

Waya za jampa zilizo nzuri hazizeeki upesi, wala hazihitaji kuchajiwa. Na vijiji vyetu vya skimu vilijengwa nyumba karibu karibu, basi motokaa ya jirani haiko mbali. Kwa sababu hiyo, mimi naona kwa mtu wa Mwea waya zitangulie kisanduku. Tena si lazima kila mtu awe na zake. Watu watano au sita wa mfereji mmoja wakichanga, watanunua seti moja ya unene wa 35 na kuiweka kwa mtu anayekaa nyumbani.

KISANDUKU CHA KUWASHIA

Kisanduku hiki ni beteri ndogo ya lithiamu yenye koleo mbili. Kinamfaa mtu anayeendesha peke yake usiku, kwa mfano anayepeleka mchele Nyeri na Nanyuki, au mwenye motokaa ya gia otomatiki, maana hiyo haiwaki kwa kusukumwa hata kijiji kizima kikisukuma.

Juu ya boksi utaona imeandikwa ampea 2,000 au 3,000. Usishughulike na namba hiyo. Ni ya kufumba na kufumbua tu, ikiwa ni ya kweli. Tafuta ampea za kuwashia, na tafuta wati za saa. Ikiandikwa mAh 20,000, zidisha 20 kwa 3.7, utapata wati za saa 74. Seli za lithiamu zenye uwezo huo, peke yake, hazipungui gramu 300. Kisanduku kinachodai hivyo na ni chepesi kama simu kinasema uwongo. Nunua katika duka lenye mlango na risiti, na tazama alama ya Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS. Mwombe mwenye duka akuruhusu ukijaribu katika motokaa yako hapo hapo. Akikataa, amekwisha kukujibu.

Kisanduku kisiachwe juu ya dashibodi juani. Kichajiwe kila baada ya miezi mitatu hata kama hakikutumika, maana kikiwa tupu siku ya haja ni sawa na tofali. Kikivimba, usikitumie tena.

Jambo moja kubwa: visanduku vingi ni vya volti 12. Lori kubwa lina beteri mbili zilizofungwa kufuatana, yaani volti 24. Usitumie kisanduku cha 12 kwa lori, wala usiazime umeme wa lori kuwashia Probox. Utaunguza kompyuta ya motokaa, na bei yake inapita ya beteri mara nyingi.

UTARATIBU WA KUFUNGA WAYA

Zima motokaa zote mbili, na zisigusane. Funga nyekundu kwenye alama ya kujumlisha ya beteri iliyokufa, kisha ncha ya pili kwenye kujumlisha ya beteri nzima. Funga nyeusi kwenye kutoa ya beteri nzima. Ncha ya mwisho ya nyeusi usiifunge juu ya beteri iliyokufa. Ifunge kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na beteri. Sababu ni hii: beteri hutoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka ikipata cheche, na cheche huruka pale unapofunga ncha ya mwisho. Watu wamepoteza macho kwa jambo hili. Asiwepo mwenye sigara, na usiku mulika kwa tochi, si kwa kiberiti. Itie moto ile nzima, ngoja dakika tano, kisha jaribu iliyokufa. Ikiwaka, fungua waya kwa kurudi nyuma, ukianza na ile ya chuma. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja.

VITU VINGINE

Raba za waipa ni za lazima katika ukungu wa asubuhi wa barabara ya Embu. Kamba ya kuvutia pia, kwa udongo wetu mweusi. Na pembetatu mbili za kuonya wenye magari. Vifuniko vya usukani na taa za rangi ngoja kwanza ulipe karo.

BETERI KUUKUU

Unaponunua beteri mpya, tazama tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa dukani zaidi ya nusu mwaka bila kuchajiwa imeanza kuharibika. Ile kuukuu irudishe dukani, maana wengi hupunguza bei wakiipokea. Asilani usimwage maji yake katika mfereji wala kuivunja nyumbani kutafuta risasi. Risasi ni sumu, na hudhuru zaidi watoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha beteri kuukuu kilitia sumu hiyo katika udongo na miili ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu iliurudisha uamuzi huo mwaka 2024. Maji ya mfereji wetu hupita katika mashamba ya wengi kabla ya kufika mtoni.

HESABU YA NYUMBANI

Mkulima wa Thiba ana pikapu ya dizeli inayotaka ampea 300. Waya zake za jampa zina urefu wa mita 4 kila moja, na unene wa shaba ni milimita 10 za mraba. Je, zitapotea volti ngapi? Ndugu yake amshauri azikate ziwe mita 2 kila moja. Mke wake amwambia anunue mpya za unene wa 35 zenye urefu ule ule wa mita 4. Nani ana shauri jema? Onyesheni njia. Majibu yatatolewa katika toleo lijalo.