Dondoo muhimu: Kikokotoo cha simu na pembe za paa

Fundi anayepaua nyumba hahitaji kununua kikokotoo cha kisayansi. Kwenye iPhone, kulaza simu kwa upande kumetosha kwa miaka mingi kuleta vitufe vya sin, cos na tan, mradi mzunguko wa skrini haujafungwa.

Kabla ya yote, ajaribu sin 30. Jibu likiwa 0.5, simu inahesabu kwa digrii. Likija -0.988, inahesabu kwa radiani, na vipimo vyote vya pembe vitaharibika. Asiamini maandishi ya kitufe: kwenye simu nyingine RAD humaanisha "bonyeza uhamie radiani", si kwamba tayari uko huko. Utata wa kuudhi kwelikweli!

Tuseme kenchi inapanda mita 1.5 kwa kila mita 3 za mlalo. 1.5 ÷ 3 ni 0.5; tan⁻¹ ya 0.5 ni kama digrii 26.6. Hiyo ndiyo pembe ya kukatia. Urefu wa mbao ya mteremko ni √(3² + 1.5²), yaani mita 3.35 hivi, bila kuhesabu sehemu inayochomoza nje ya ukuta. Mabano yasisahaulike.

Kwenye asilimia wengi huteleza. Bati za shilingi 118,000, VAT ya Tanzania ya asilimia 18 ikiwemo: ukitoa asilimia 18 unapata 96,760, kosa. Gawanya kwa 1.18, bei kabla ya VAT ni 100,000.