SOMO: RUFANI ISIPOTEE KWA AJILI YA SIKU



Mara nyingi tumeona mwenzetu mwenye madai ya haki akitoka mahakamani mikono mitupu, na rufani yake haikusikilizwa hata kidogo. Sababu ni moja: alichelewa. Leo tujifunze hesabu ya siku.

Tuchukue mfano wa Tanzania. Mfanyakazi wa kiwanda ameachishwa kazi bila haki. Ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiporidhika na tuzo ya Tume, ana wiki 6 tangu akabidhiwe tuzo hiyo kuiomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie. Akishindwa hapo, aweza kwenda Mahakama ya Rufani, lakini kwa hoja za sheria tu.

Hapa ndipo wengi hunaswa, maana hatua ni mbili. Kwanza, taarifa ya rufani ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Uamuzi ukitolewa tarehe 3 Juni, mwisho ni tarehe 3 Julai. Pili, rufani yenyewe pamoja na kumbukumbu zake, ndani ya siku 60 tangu taarifa iwasilishwe. Taarifa peke yake si rufani.

Je, nakala za hukumu na mwenendo wa kesi zikichelewa? Aziombe kwa barua ndani ya zile siku 30, na mwajiri apelekewe nakala ya barua hiyo. Hapo Msajili aweza kutoa cheti, na siku za kungojea nakala hazitahesabiwa. Asiyempelekea mwajiri nakala hana kinga hiyo.

Aliyechelewa aweza kuomba kuongezewa muda, lakini ni lazima aeleze kila siku iliyopita. Kusema kwamba wakili alisahau, kwa kawaida hakutoshi.

Nchini Kenya taarifa ya rufani ni siku 14 tu, na rufani siku 60. Basi tusichukue hesabu ya nchi moja tukaitumia katika nchi nyingine.

Kila tawi lifanye hivi: siku ya uamuzi, katibu aandike tarehe katika daftari, aandike na siku ya mwisho, risiti na barua zote zitunzwe.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika tawi letu nani anatunza tarehe za kesi?
2. Akiwa likizo, nani anashika daftari?