Chungu kimoja, punguzo moja: haki yako ya simu Marekani

Wamarekani wengi huiita "simu ya Obama", na wapo jamaa zetu wanaoamini iliondoka na Obama mwenyewe. Haikuondoka, wala siye aliyeileta. Mpango huu unaitwa Lifeline na ulianza mwaka 1985, Ronald Reagan akiwa Ikulu. Uliokufa ni mwenzake, ACP, uliokuwa ukiilipia kaya hadi dola 30 za intaneti kila mwezi. Fedha ziliisha, ukafungwa tarehe 1 Juni 2024. Mtu akikufuata leo nje ya ofisi ya msaada wa chakula akitaka kukuandikisha ACP, shika njia yako.

Lifeline hupunguza hadi dola 9.25 kwa mwezi kwenye simu au intaneti. Bili ya intaneti ya nyumbani itapungua kidogo tu, lakini zipo kampuni za simu za mkononi zenye kifurushi kinacholipwa chote na punguzo hilo, usitoe hata senti. Wala usione haya kuomba. Fedha zinatoka kwenye mfuko unaochangiwa na kampuni za simu, na nyingi humbebesha mteja mzigo huo. Tazama sehemu ya tozo kwenye bili yako ya mwezi, utakuta mstari wenye maneno "Universal Service". Huenda umekuwa ukiwalipia wengine miaka yote hii.

Milango ya kuingilia ni miwili. Wa kwanza ni msaada ambao tayari unaupata: SNAP ya chakula, Medicaid ya matibabu, SSI ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo, nyumba za ruzuku ya serikali kuu, au pensheni ya waliotumikia jeshi. Wa pili ni kipato, ambacho hakitakiwi kuzidi asilimia 135 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Kwa viwango vya 2025, nje ya Alaska na Hawaii, hiyo ilikuwa kama dola 43,400 kwa mwaka kwa familia ya watu wanne. Mlango huu wa pili ndio ninaotaka wakimbizi waukariri. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu. Kama nawe umekatwa, usihesabu kwamba simu nayo imekwenda. Peleka hati za mshahara za miezi mitatu mfululizo, au ritani ya kodi ya mwaka uliopita.

Neno linaloangusha maombi ni "kaya". Punguzo ni moja kwa kaya. Tuseme mama ameshaandikishwa, halafu mwanawe wa miaka 30, anayeishi ghorofa ya juu na mke na watoto, naye anaomba. Anakwama, kwa kuwa anuani ni ile ile, na hapo wengi huacha. Lakini kwa sheria hii kaya ni chungu, si paa. Wanaoishi pamoja na kuchangia kipato na matumizi ni kaya moja. Kijana mwenye mshahara wake, anayetoa fungu lake la kodi ya nyumba na kulisha watoto wake mwenyewe, ni kaya ya pili, na ana haki yake. Ipo fomu ya kueleza hayo, "Household Worksheet", idai. Mume na mke wanaoishi pamoja ni chungu kimoja, hata wakinuniana. Mtu mzima asiye na kipato unayemlisha wewe, naye yumo chunguni mwako. Usidanganye hapa, kwa sababu saini yako ni kiapo. Uongo unaweza kukufungia mpango kabisa, au kukuletea faini na kifungo.

Maombi hupokelewa na USAC, shirika linaloendesha mpango chini ya tume ya mawasiliano, FCC. Unaweza kuomba kwenye LifelineSupport.org, kwa posta, au kupitia kampuni ya simu. Texas, Oregon na California zina taratibu zake. Mtambo wa USAC hulinganisha uliyoandika na kumbukumbu za serikali, na hapo ndipo majina yetu matatu yanapoleta kazi. Jina likiwa katikati kwenye kadi ya Social Security nawe ukaliweka mwisho, kwa mtambo hao ni watu wawili. Tarehe ya kuzaliwa vivyo hivyo: kama kambini walikuandikia 1 Januari, andika 1 Januari, hata kama mama yako anakumbuka vizuri kwamba ulizaliwa wakati wa kuvuna mahindi.

Tangu 2019 FCC imekataza kampuni kuwalipa mawakala kamisheni kwa kila mtu wanayemwandikisha. Kwa hiyo wakala anayekuharakisha usaini kwenye tableti kabla hujaelewa, mrudishie tableti yake. Kampuni nyingine haiwezi kulihamisha punguzo lako bila idhini yako. Wewe unaweza kuhama.

Kuna haki isiyotangazwa sana. Mwanamke anayepigwa, na laini yake imo kwenye akaunti ya mumewe, anaweza kudai itenganishwe chini ya Safe Connections Act ya 2022. Kampuni ina siku mbili za kazi tangu ipokee ombi lililokamilika. Si lazima ushahidi uwe wa polisi. Tamko la kiapo la daktari au ofisa ustawi wa jamii linakubalika. Akiwa na shida ya fedha, anaweza kupata Lifeline ya dharura kwa miezi sita.

Ukinyimwa kwa makosa, piga USAC, 1-800-234-9473. Kampuni ikikusumbua, lalamika FCC, 1-888-225-5322. Hulipi kitu, na kampuni ikishapelekewa malalamiko yako inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Ukishapata punguzo, kazi ni kulitunza. Laini ya bure isipotumika siku 30, unapewa notisi ya siku 15, kisha inakatwa. Piga hata simu moja. Kila mwaka USAC hukagua kama bado unastahili, na isipoweza kuthibitisha yenyewe hukuandikia. Barua hiyo ina sura ya yale matangazo yanayotoka kwenye sanduku la posta na kwenda moja kwa moja jalalani. Ifungue, umtafute mtoto akusomee, ujibu. Una siku 60.