Kuchagua Gitaa la Besi Lenye Sauti ya Zamani

Chama cha Muziki cha shule yetu kinaweka akiba ili bendi ipate gitaa la besi. Fedha hizo zimetoka katika michango ya wazazi na ya wanafunzi wenyewe, na hazitoshi kununua mara mbili. Wanachama wengi wanataka ile sauti nene na laini, isiyo na makali, inayosikika katika santuri za miaka ya 1960. Lakini ukiwauliza sauti hiyo yatoka wapi, wako wanaosema kwamba hutoka katika gitaa lililozeeka, na wako wanaosema kwamba hutoka katika jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Majibu hayo mawili yaweza kutumaliza fedha zote tusipate tunachokitaka. Basi yafaa kwanza tujue sauti hiyo hutengenezwa na nini.

BESI YA UMEME ILIVYOANZA

Zamani besi ilikuwa chombo mfano wa fidla, ila kikubwa mno, chenye kimo cha kumzidi mtu. Mpigaji alisimama akakikumbatia. Kukibeba kulikuwa taabu, na mbele ya ngoma na tarumbeta sauti yake ilimezwa. Mwaka 1951 Leo Fender, aliyepata kuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California, alianza kuuza besi ya umeme iliyoshikwa kama gitaa, akaiita Precision, yaani usahihi. Aliiita hivyo kwa sababu shingo yake ilipachikwa vijiti vya chuma, ndivyo freti, na mpigaji akibana uzi nyuma ya freti hupata noti iliyo sawasawa bila ya kubahatisha.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Magitaa yaliyotumika kurekodi santuri za miaka ya 1960 tunazoziita za zamani mengi yalikuwa mapya siku hizo, au yenye umri wa miaka michache tu. Kwa hiyo uzee wa mbao hauwezi kuwa ndio chanzo cha sauti ile. Hapana budi tutafute chanzo kingine.

SAUTI NENE MAANA YAKE NINI

Uzi mnene kuliko zote wa besi ya kawaida, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Lakini hautoi mtetemo huo peke yake. Pamoja nao hutoka mitetemo mingine ya juu: 82, 123, 164 na kuendelea. Sikio huisikia yote kama sauti moja. Mitetemo ya juu ikiwa na nguvu, sauti huwa kali na yenye mlio wa chuma. Mitetemo ya chini ikitawala, na ile ya juu ikafifia upesi, sauti huwa nene na laini. Basi shabaha yetu ni hiyo: kuacha mitetemo ya chini isikike na kuituliza ile ya juu. Mambo manne hufanya kazi hiyo.

Kwanza ni nyuzi. Uzi wa besi una waya wa katikati uliozungushiwa waya mwingine. Waya wa nje ukiwa wa mviringo, uzi huwa na mifereji mifereji, na sauti yake hung'aa. Waya wa nje ukiwa bapa kama utepe, uzi huwa laini mkononi, na mitetemo ya juu hupungua. Nyuzi bapa ndizo zilizokuwa za kawaida kwenye besi za umeme mwanzoni. Nyuzi za mviringo zenye mlio mkali zilipata nguvu tangu katikati ya miaka ya 1960. Nyuzi bapa huwa na bei zaidi, lakini hudumu miaka, wala haziili freti upesi.

Pili ni pikapu. Sisemi gari, wapigaji huita hivyo ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule, ukapelekwa kwenye kikuza sauti. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, uzi husogea kidogo tu, na mitetemo ya juu ndiyo husikika zaidi. Ukienda upande wa shingo, mtetemo wa chini huwa mpana. Kwa hiyo gitaa lenye pikapu moja ya katikati au ya upande wa shingo hufaa kuliko lile ambalo nguvu yake yote iko darajani. Yako magitaa ya siku hizi yenye betri ndani ya kuongezea nguvu sauti za juu na za chini. Si mabaya, lakini kwa haja yetu hayana lazima, na betri ni gharama nyingine.

Tatu ni urefu wa uzi unaotetema. Katika Precision ni inchi 34, kama sentimeta 86. Yako pia magitaa mafupi ya inchi 30, kama sentimeta 76; mojawapo ni Höfner 500/1 ya Ujerumani, yenye umbo la fidla, ambayo Paul McCartney wa Beatles aliinunua mjini Hamburg mwaka 1961. Uzi mfupi ukifikishwa kwenye noti ileile hukazwa kidogo tu, na sauti yake huwa ya kujaa. Tena humfaa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ambaye mkono wake haujakua.

Nne ni mkono wa mpigaji. Ukipiga karibu na shingo, sauti hunenepa. Ukipiga karibu na daraja, hukauka. Kipande cha sponji kikiwekwa chini ya nyuzi karibu na daraja hufupisha mlio. Magitaa ya Fender ya zamani yalitoka kiwandani na sponji namna hiyo, imefichwa chini ya kifuniko cha chuma.

MFANO WA JAMES JAMERSON

Mambo haya tunayaona kwa mtu mmoja. James Jamerson alizaliwa mwaka 1936 huko South Carolina, Marekani, akahamia Detroit katika ujana wake. Besi alijifunza shuleni, tena ile kubwa ya kusimama, katika Northwestern High School. Baadaye alipiga besi katika nyimbo nyingi zilizovuma za kampuni ya Motown. Chombo chake kilichojulikana zaidi kilikuwa Precision ya mwaka 1962, ya kawaida kabisa, yenye nyuzi bapa nene. Nyuzi hizo hakuzibadili ila zikikatika. Alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, na sponji ilikuwa mahali pake. Tena mara nyingi gitaa lake lilichomekwa moja kwa moja katika mitambo ya kurekodia, bila ya spika kubwa.

Kwa miaka mingi santuri za Motown hazikuandika majina ya wapigaji. Watu waliipenda sauti yake wasimjue mwenyewe, mpaka jina lake lilipoandikwa katika santuri ya Marvin Gaye, What's Going On, ya mwaka 1971. Alifariki mwaka 1983. Akina sisi tunaotafuta sauti ile tumtazame alivyokuwa: nyuzi bapa, sponji, kidole kimoja, na mazoezi ya tangu shuleni. Vitu vitatu vya kwanza bei yake ni ndogo, na cha nne hakiuzwi dukani.

TUNUNUE NINI

Ushauri wangu kwa Chama ni huu. Tusitafute gitaa la miaka ya 1960 lenyewe. Bei yake ni ya watu wanaokusanya vitu vya kale, na waghushi wako. Tununue gitaa rahisi lililo imara, jipya au lililotumika, lenye pikapu ya katikati au ya upande wa shingo, kisha tulivike nyuzi bapa zinazolingana na urefu wake. Fedha zitakazobaki zitumike kwa kikuza sauti kizuri, maana spika dogo hafifu haliwezi kuitoa noti ya chini hata gitaa liwe la thamani gani.

Kabla ya kulipa, tukague haya:

1. Shingo. Bana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati. Panapaswa kuwa na nafasi ndogo sana. Nafasi ikiwa kubwa, au shingo ikiwa imepinda upande, tuliache.
2. Usahihi. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, bila ya kuubana, uupige na kuachia. Kisha ubane hapohapo uupige tena. Noti mbili hizo zifanane. Zikitofautiana kidogo, fundi aweza kurekebisha darajani.
3. Umeme. Chomeka waya, zungusha vitufe vyote polepole. Mkwaruzo mdogo husafishika. Sauti inayokatika ni dalili ya kazi zaidi.
4. Vigingi vya kukazia nyuzi. Kaza, piga kwa dakika kumi, usikilize kama noti imeshuka.

Wazazi wengine wameuliza kwa nini bendi isiridhike na magitaa iliyo nayo. Katika muziki wa dansi, gitaa la solo na la rizimu husimama juu ya besi. Besi ikikosekana, wachezaji hupotewa na mwendo, na waimbaji hukosa pa kuegemea noti zao. Mchango wenu hautapotea iwapo tutanunua kwa masikio yetu.

MAJARIBIO KWA WANAFUNZI

Majaribio haya yaweza kufanywa kwa gitaa lolote la kawaida.

1. Piga uzi mmoja karibu na daraja, kisha karibu na shingo. Eleza tofauti ya sauti kwa kutumia habari za mitetemo ya juu na ya chini.
2. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya nyuzi, karibu na daraja. Mlio wadumu sekunde ngapi kabla, na ngapi baadaye?
3. Uzi uliopigwa wazi hutetema mara 55 kwa sekunde. Ukibanwa katikati kabisa utatetema mara ngapi? Toa sababu.