Mji wa Lushoto

Msafiri atokaye Tanga au Dar es Salaam kwenda Lushoto hufika kwanza Mombo, mahali penye joto na vumbi chini ya milima ya Usambara. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905. Kutoka Mombo motokaa huiacha njia kuu iendayo Moshi na kuanza kupanda. Njia hiyo ni ya kilometa 33 tu, lakini ina mapindi mengi: upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde refu, na mto Soni huvuma huko chini. Katikati ya safari ni kijiji cha Soni chenye maporomoko ya maji. Hapo hewa imekwisha kugeuka, na asiyechukua nguo nzito huanza kujuta.

Mji wenyewe umo bondeni, kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari, na vilima vimeuzunguka pande zote. Mvua za masika hunyesha toka Machi hata Mei, na za vuli toka Oktoba hata Desemba. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ni kali, na asubuhi ukungu hufunika mapaa ya nyumba.

Wenyeji ni Wasambaa. Nchi yao ya juu huiita Shambaai, na nyanda za chini huziita nyika. Wafalme wao wa ukoo wa Kilindi walikaa Vuga, si Lushoto. Masimulizi husema kwamba wa kwanza wao, Mbegha, alikuwa mwindaji mgeni aliyewaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba. Wajerumani walipokuja walipendezwa na baridi ya Lushoto, wakajenga mji wa serikali na kuuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa. Leo Lushoto ni makao ya wilaya katika mkoa wa Tanga, tena pana Chuo cha Uongozi wa Mahakama.

Mali ya Lushoto ni mboga na matunda. Kabichi, karoti, nyanya, pilipili hoho na viazi mviringo hustawi sana, na vilevile mapeasi na mafyulisi, matunda ambayo watu wa pwani hawawezi kuyapanda. Siku ya gulio wanawake hushuka toka vijijini na matenga kichwani, alfajiri bado giza. Malori hupakia mchana, husafiri usiku, na asubuhi kabichi za Lushoto zimefika sokoni Dar es Salaam. Lakini kabichi haingoji. Mkulima hawezi kurudi nayo nyumbani na kuiweka mpaka bei ipande, na mnunuzi ajua hayo. Kwa hiyo mara nyingi mwenye lori hupata faida kuliko mwenye jembe. Kahawa hungoja, bali hukawia miaka kabla ya kuzaa.

Tena mashamba ni madogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 wilaya nzima ilikuwa na watu zaidi ya 490,000, na sehemu kubwa ya nchi ni miteremko mikali. Zamani migomba ilizunguka nyumba, na majani yake mapana yaliupunguzia udongo nguvu ya mvua. Watu walipozidi, misitu ilikatwa na mahindi yakapandwa hata mahali ambapo mtu asimamapo hutafuta kitu cha kushika. Mvua ikichukua udongo wa juu, hubaki udongo mwekundu usiozaa kitu.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza mpango huko Mlalo, kaskazini ya Lushoto, ikawalazimisha watu kulima matuta ya kukingama mteremko. Shabaha ilikuwa njema, ila njia ilikuwa mbaya. Kazi ilikuwa nzito, watu hawakuona mavuno kuongezeka, tena walihofu kunyang'anywa mashamba yao. Walikataa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Katika miaka ya 1980 wakulima walifundishwa kupanda mistari ya majani ya Guatemala kukingama mteremko. Majani hayo hushika udongo, na juu ya hayo hukatwa kumlisha ng'ombe afungwaye zizini, naye hutoa maziwa na samadi. Matuta yenye kumlisha ng'ombe hayakuhitaji askari wa kuyalinda.

Wageni hupenda kwenda Irente, kilometa chache kutoka mjini. Hapo mlima umekatika ghafula kama ukingo wa meza, na mtu akiinama kidogo huyaona mashamba ya mkonge ya nyika, mbali chini ya miguu yake. Wengine huenda msitu wa Magamba, wenye miti mikubwa ya mkulo na mbega weusi wenye mabega meupe, ambao hurukaruka juu na hawaonekani ila kwa mwenye subira.

Vijito vya Magamba hupita Lushoto na kushuka hata Soni, kisha Mombo, ambako maji huingizwa mitaroni kunywesha mashamba ya mpunga. Mto ukishuka mwekundu, wakulima wa Mombo hujua kwamba mvua kubwa imenyesha milimani. Tope hilo hujaa katika mitaro yao, nao huchukua majembe wakaizibue.