Jua Haki Zako: Nyumba Ikikabiliwa na Mnada, Hesabu Siku

Swali: Nimechelewesha malipo ya mkopo niliochukua kwa kuweka nyumba yetu rehani. Jirani ananishauri niende mahakamani nitangazwe mufilisi ili benki isiiguse nyumba. Itasaidia?

Jibu: Ndugu msomaji, hapa Kenya ushauri huo hautaiokoa nyumba. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaweza kukupumzisha na wadai wasio na dhamana, kama mwenye duka aliyekukopesha unga. Benki iliyoshika rehani ina haki ya kuuza hata ukishatangazwa mufilisi. Sheria hiyo inakuruhusu pia kupendekeza mpango wa kulipa kidogo kidogo, lakini mpango hauwezi kugusa rehani ya benki bila benki yenyewe kukubali.

Kinga yako kubwa imo katika Sheria ya Ardhi ya 2012, nayo huhesabiwa kwa siku.

1. Deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, benki inaweza kukupa notisi. Lazima itaje kiasi unachotakiwa kulipa na ikupe muda usiopungua miezi 3.

2. Muda huo ukiisha hujalipa, inafuata notisi ya kuuza: siku zisizopungua 40. Mume au mke aliyeridhia rehani naye apewe nakala. Na kama ni nyumba mnayoishi kama mke na mume, rehani iliyowekwa bila ridhaa ya mwenzako ina kasoro kisheria.

3. Dalali naye hukupa siku 45 za kukomboa, kisha mnada hutangazwa gazetini angalau siku 14 kabla.

4. Kabla ya kuuza, benki lazima ihakikishe nyumba imethaminiwa, na itafute bei bora inayopatikana.

Kwa hiyo notisi usiifiche kabatini. Andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea na aliyeileta. Ukiikuta imebandikwa langoni, ipige picha kabla ya kuibandua. Wakili ataanza na tarehe hizo, kwa sababu notisi iliyorukwa au siku zilizopunjwa ni hoja nzito ya kuomba mahakama isimamishe mnada. Kubishania kiasi cha deni peke yake, kwa kawaida hakutoshi.

Wakati huohuo iandikie benki barua: omba malipo yapangwe upya, au ruhusa ya kutafuta mnunuzi mwenyewe. Baki na nakala yenye muhuri wao. Haki ya kukomboa nyumba unayo mpaka makubaliano ya kuiuza yafikiwe. Nyundo ya dalali ikishagonga, kuirudisha ni vigumu mno.

Jirani yako anakutakia mema. Lakini kila wiki unayoipoteza ukitafuta ufilisi inakatwa kwenye ile miezi 3, na miezi hiyo ndiyo mali uliyobakiwa nayo.