Runinga ya Winston: Chuku au Utabiri?

Swali hili huwaponza watahiniwa wengi: wanaiacha riwaya na kuanza kulalamikia simu. Anza na matini. Katika Nineteen Eighty-Four ya George Orwell (1949), runinga ya ukutani kwa Winston Smith haizimiki kabisa, nayo humtazama. Hajui anatazamwa saa ngapi, kwa hivyo hata uso wake anauchunga usimsaliti. Hapo sioni chuku. Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua kwamba NSA, shirika la ujasusi la Marekani, lilikusanya rekodi za simu za mamilioni ya raia wasioshukiwa lolote. Chuku ipo kwenye mabavu: runinga ile imewekwa na Chama, ilhali simu tumeinunua wenyewe, tena kwa mkopo. Hoja hii ya mwisho naikuta kwa nadra ninaposahihisha.